Plota ya Rangi ya Nahodha Mbwana

Nilisikia mlio kwanza. Pii, pii, pii, mwembamba kama wa kifaranga aliyepotezana na mamake, ukipanda kutoka pwani ya Msambweni, ukapita nyuma ya vibanda vya samaki, ukakata kona na kuja moja kwa moja hadi karakana yangu. Niliweka chini chuma cha kulehemu nikangoja. Kikatokea kikapu cha ukili, ikafuata betri ya gari iliyoning'inia kwa kamba, na katikati ya vitu hivyo viwili akatokea mzee mrefu mwenye miwani myeusi, shingo imemnyooka, anatembea kama mtu asiyesikia lolote.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Huyu analia tangu tulipotia nanga. Mnyamazishe au mchinje, mimi niko radhi kwa lolote."

Ndani ya kikapu mlikuwa na mashine yake ya kupimia kina cha maji, ingali imeungwa na betri, inaonya kwa bidii yote kwamba maji yamekwisha. Kweli yalikuwa yamekwisha, maana ilikuwa juu ya meza yangu. Nilibonyeza kitufe kimoja ikanyamaza. Kitufe chenyewe kilikuwa kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na herufi zake nyeupe zilionekana kutoka mlangoni. Nilicheka sana siku ile. Nahodha Mbwana hakucheka.

"Nataka mashine ya ramani," alisema. "Ile yenye rangi."

Vijana wangu, ninyi mnaoshika kazi hii ya umeme wa boti nami nimeiacha, kila mkija kunisalimu mnaniuliza plota, yaani hiyo mashine ya ramani, ipi ni nzuri na haimalizi mfuko. Mnataka nitaje jina la kampuni mwende zenu. Mimi nitawasimulia habari za nahodha huyu, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu kuchagua plota niliyajua katika zile wiki tatu, na nusu yake niliyajua nikiwa nimelowa.

Nianze na aibu yangu. Mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Taru, nchi ya vumbi na mbuzi, ambako maji hufika kwa punda. Kazi niliianzia kando ya barabara kuu, nikitengeneza redio za madereva wa malori waliosimama kula. Fundi Mutua, Mkamba mwenye vidole vinene na mkono mwepesi, alinikuta pale akanileta Ukunda kushika feni na televisheni za hoteli, na kutoka hapo tukaingia kwenye boti. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini mwadhini akianza kuadhini alizima drili akakaa kimya mpaka mwisho, wala hakuna aliyewahi kumwomba.

Fundi Mutua alinifundisha kwamba waya wa nyumba haukai baharini. Chumvi inaingia ndani ya ganda la plastiki kama mchwa. Kwa nje waya ni mwekundu unang'aa, kwa ndani ni unga wa kijani. Tumieni waya uliopakwa bati, na kabla ya kuingia kwenye mashine uacheni ulegee kama kitanzi kidogo kuelekea chini, ili tone la maji lidondokee hapo lisifike ndani. Alinifundisha pia kuweka fyuzi karibu na betri, wala si karibu na mashine. Alichosahau kunifundisha ni dira. Nilifunga spika ya redio sentimita chache kutoka kwenye dira ya boti moja ya watalii, nikaipigia misumari nikajisifu. Sumaku ya spika ikaishika sindano. Boti iliyokuwa ikienda Funzi kula kaa ikaelekea upande wa Pemba, na kwa bahati ikakutana na pomboo njiani. Wageni walirudi wakisema hawajawahi kuona matembezi mazuri kama yale. Fundi Mutua alinipa bisibisi akanionyesha boti kwa kidevu.

Basi, Nahodha Mbwana. Alikuwa mtu wa Bodo, na riziki yake ilikuwa jiwe moja. Nje ya mwamba mkubwa, mahali ambapo maji yanabadilika ghafla kutoka kijani kuwa buluu nzito, kuna kilele cha jiwe chini ya bahari, hakizidi ukubwa wa chumba cha kulala, na samaki wamekizunguka kama watu kwenye harusi. Hoteli zilimletea wageni wanaopenda kuvua kwa mshipi, kwa sababu wa Nahodha Mbwana hawakurudi mikono mitupu. Jiwe hilo halina boya wala kijiti. Analipata kwa kutazama nyuma, nchi kavu: vitu viwili vinasimama mstari mmoja upande huu, viwili vingine upande ule, na pale mistari inapokatana ndipo anapozima injini. Hizo ndizo alama. Babake alimpa yeye peke yake, na babake alipewa na babake. Boti ikikaribia jiwe, kila aliyemo, awe baharia au Mjerumani, aliambiwa neno moja: "Geukeni." Mkageuka mkatazama bahari tupu mpaka nanga izame. Wageni walidhani ni ibada fulani, wakaipenda.

"Rangi ya nini, nahodha?" nilimwuliza. "Ya kijivu ni nusu ya bei, nayo inaonekana vizuri juani."

"Nataka buluu iwe buluu na nchi kavu iwe manjano. Wewe uza, mimi ninunue."

"Na lile jiwe si unalijua bila mashine?"

Alisogeza miwani yake. "Msimu uliopita nilirudi mara mbili bila samaki. Jiwe limehama."

"Jiwe linahamaje?"

"Muulize lenyewe. Hoteli wameniambia nikirudi mikono mitupu mara ya tatu, wageni wa Desemba watapewa boti nyingine. Mimi nina boti na nina binti. Sina shamba."

Tukaenda Mombasa, mimi na yeye na binti yake Mwanakombo. Mwanakombo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye mikono iliyokatwakatwa na magamba ya chaza. Alikulia ndani ya mikoko ya Bodo, akaiendesha boti ya babake katika mikono yote ya maji ya ndani. Nje ya mwamba hakuruhusiwa kushika injini, na akichukuliwa kama baharia, naye aligeuka kama Mjerumani.

Miaka ile ya mwisho wa tisini, boti ndogo yenye kioo cha rangi ilikuwa kama baiskeli yenye kiyoyozi. Dukani kulikuwa na plota tatu tu. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu. Ya pili ilikuwa ya rangi, nzito, imebeba kioo kinene kama televisheni ya zamani, na ilikunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka safari. Ya tatu ilikuwa ya rangi pia, nyembamba, na bei yake mtu angeweza kuitamka bila kukaa chini. Kijana muuzaji alikuwa mtu wa bara, mchangamfu.

"Mzee, hii kitu ni poa sana. Iko na kala, iko na ramani ya dunia mzima."

"Dunia nzima na Funzi imo?" aliuliza Mwanakombo.

Kijana akabonyeza. Ikatokea Ulaya, imechorwa mpaka vijiji. Akabonyeza tena. Kwetu palikuwa na mstari mmoja mnene kutoka Somalia hadi Msumbiji, kama umechorwa na mtu aliye ndani ya gari.

"Hapa inaingia kadi ingine," alisema kijana. "Inauzwa kando."

"Kwa hiyo umetuuzia sufuria, na chakula kiko jirani," Mwanakombo alimwambia.

Sikieni hilo, vijana. Msiulize bei ya plota; ulizeni bei ya plota pamoja na kadi ya maji yenu. Aliyepanga bajeti ya plota bila kadi amenunua taa ya mapambo. Mwenye duka alikubali tuichukue ile nyembamba na kadi yake tuijaribu wiki moja, na ile ya kijivu tukaibeba pia, ya kulinganisha.

Niliifunga ile ya rangi kwenye boti ya Nahodha asubuhi, na kufika saa sita ilikuwa inawaka vizuri. Nikamwita. Akaja, akainama, akatazama.

"Nyeusi."

"Iko wapi nyeusi, nahodha? Hiyo hapo Funzi, hiyo hapo Bodo."

"Kijana, mimi nakwambia ni nyeusi. Umeiua."

Nilishangaa, lakini mteja akisema haioni, unafungua. Nikavua fyuzi, nikapima betri, nikarudia kulehemu viungo vyote, nikaibandua mashine nikaipindua. Kila nikimaliza anainama anasema, "Nyeusi." Saa tatu nzima. Jasho lilinitoka mpaka Mwanakombo akanimwagia maji kichwani bila kuuliza. Hatimaye Nahodha akavua miwani kujifuta uso, akatazama kioo kwa karibu, pua inakaribia kukigusa.

"Imepona," alisema.

Miwani. Alipewa na mtalii, ile ya bei kubwa inayokata mng'ao wa maji, na vioo vya plota za rangi vya siku zile ukivitazama kwa miwani hiyo vinazimika kama vimefunikwa blanketi. Sitasahau. Tangu siku ile, kabla sijashika bisibisi, namwambia mteja avue miwani kwanza. Nanyi fanyeni hivyo. Na kioo msikipime dukani chini ya kivuli. Kitoeni nje saa sita, jua likiwa limesimama wima, muone kama rangi zenu zingalipo au zimekimbia.

Nilicheka na siku hiyo pia, nikawasimulia watu kijiweni. Kilichonipita ni jambo dogo lililokuwa mbele ya macho yangu: miwani ile aliivaa hata ndani ya karakana, penye giza, na pua ile ilikuwa karibu mno na kioo.

Siku ya kujaribu tulitoka watatu, maji yamejaa, upepo mdogo, bahari imelainika kama shuka lililopigwa pasi. Nahodha alikaa nyuma, mkono mmoja kwenye injini, macho kwenye plota. Mimi, mtu wa Taru nisiyejua kuogelea, nilikuwa nimevaa maboya mawili, moja juu ya lingine.

"Mtaru," Nahodha alinitania, "ukizama mbuzi wenu watalia."

"Watafurahi, nahodha. Watagawana kamba niliyowafungia."

Alikuwa na furaha. Aliisoma ile rangi kama mtoto anayesoma jina lake: hapa manjano, nchi kavu, hapa buluu, maji mafupi, hapa nyeupe, maji marefu. Mimi nikaona jambo lisilonipendeza. Kwenye kioo, kile kiboti kidogo kinachotuonyesha tulipo kilikuwa kinapita juu ya nchi kavu, katikati ya mikoko ya Funzi. Nikatazama pande zote. Tulikuwa majini.

Nawaeleza sababu, maana nusu yake mtaikuta hata leo kwenye ramani za kale. Miaka ile wenye setilaiti, Wamarekani, waliivuruga makusudi ishara ya raia ili jeshi lao pekee lipate iliyo sawasawa. Mashine yako ilikwambia uko hapa, kumbe uko hatua mia kutoka hapa, na dakika chache baadaye hatua mia upande mwingine. Juu ya hilo, ramani za pwani yetu zilipimwa na watu wa zamani walioanzia hesabu zao mahali tofauti na setilaiti. Mashine ina sehemu ya kuchagua hesabu ipi. Nami nilikuwa nimeiacha kama ilivyotoka dukani. Makosa mawili yamepandana, na sisi tuko juu yake.

Nikafungua kinywa nimwambie. Yeye akanitangulia.

"Geukeni."

Tukageuka, mimi na Mwanakombo, migongo kwa nchi, nyuso kwa bahari. Boti ikaongeza mwendo. Mbele yetu, mbali kidogo, palikuwa na mstari mweupe. Ukapotea. Ukarudi, mpana zaidi, na safari hii ukaleta sauti.

"Nahodha," nikasema, "yale meupe mbele ni nini?"

"Nimesema geuka."

"Nimegeuka. Ndiyo maana nikayaona."

"Meupe gani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kweli. Mwanakombo alimtazama babake mara moja tu, kisha akaruka juu ya benchi, akaushika mkono wa injini juu ya mkono wa mzee na kuusukuma wote mpaka mwisho. Boti ikalala ubavu. Mimi nikakumbatia betri, sijui kwa nini. Chini yetu kitu kikakwaruza, kirefu, kama kisu kwenye sahani, propela ikapiga jiwe ikalia, halafu tukawa tunaelea kwenye maji ya buluu na mwamba uko kando, unavunja mawimbi, umetema povu kila mahali. Plota ilikuwa inaonyesha nyeupe tulivu. Maji marefu.

Mwanakombo alizima injini. Alimvua babake miwani kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyomenya yai. Mboni zake zilikuwa na ukungu, rangi ya maji ya wali.

"Tangu lini, baba?"

"Hili la kulia tangu mwaka juzi. La kushoto limefuata."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimekwenda. Amesema ni mtoto wa jicho, hajaiva kukatwa, ningoje. Mwaka, pengine zaidi." Aligeuza uso kuelekea ufukwe, kule ziliko alama zake, akautazama kama mtu anavyotazama ukuta. "Ile nchi yote kwangu ni moshi. Nilifikiri mashine itaniona."

Turudi karakana. Tulifika na propela iliyomeguka jino. Nikawawekea chai ya tangawizi, hakuna aliyeinywa. Plota mbili zilikuwa juu ya meza, ya rangi na ya kijivu. Nahodha Mbwana alizipapasa zote mbili kwa vidole.

"Ukiirekebisha hiyo hesabu," alisema, "na ukaniwekea antena nzuri, itaacha kukosea?"

Vijana, kila fundi atakutana na swali hili siku moja. Mteja amekaa mbele yako, mkono uko mfukoni tayari, na jibu linalouza liko kwenye ulimi. Msimu ule nilihitaji kazi.

"Hesabu nitairekebisha," nilimjibu. "Zile hatua mia hazimo mikononi mwangu. Itakufikisha karibu na jiwe, nahodha. Na hapo karibu ndipo mwamba ulipo. Kutoka hapo yanatakiwa macho."

"Hata ile kubwa ya televisheni?"

"Hata hiyo. Itakosea kwa rangi nzuri zaidi."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama amecheka.

"Wapo mabaharia," nikasema. "Yupo na mpwa wako."

"Mpwa wangu nilimwonyesha alama moja, moja tu kati ya nne, na Ijumaa iliyofuata ilikuwa inazungumzwa kwenye kahawa hadi Gazi. Alama anapewa mwana wa kiume. Mimi Mungu hakunipa." Alizisogeza plota upande wangu. "Kwa hiyo hoteli wakituma wageni, waambie Mbwana amestaafu."

Mwanakombo alikuwa ameshasimama. Alizichukua plota zote mbili na betri, akatoka nazo uani, akaziweka juani juu ya pipa. Ilikuwa karibu saa saba, jua la kuchoma utosi. Nilimfuata. Aliziwasha, akasogea hatua nne nyuma, akasogea tena, akazitazama kwa macho makavu yasiyo na miwani.

"Hii ya rangi nikikaa nyuma kwenye injini siisomi," alisema. "Ya kijivu naisoma hata nambari. Umeme inakula kiasi gani?"

"Theluthi ya mwenzake."

"Kadi yetu inaingia?"

"Inaingia."

"Na vitufe hivi, mkono ukiwa na maji na utumbo wa samaki?"

Nikachovya mkono kwenye ndoo, nikabonyeza. Vilikubali.

"Hiyo ya rangi mrudishie yule kijana wa dunia mzima. Hii tunaichukua."

Katika miaka yangu yote, sijawahi kusikia mtu akichagua plota vizuri zaidi, wala kwa maneno machache zaidi. Tulihangaika wiki tatu na mashine bila kujua nani atakayeisoma. Siku hizi rangi ni rahisi na vioo havikimbii jua, setilaiti hazivurugwi, nanyi mtasema mzee huyu anasimulia mambo yaliyopitwa. Sawa. Ila mteja akiingia, kabla hamjamwonyesha kioo chochote, mtazameni kwanza usoni.

Tuliporudi ndani, Nahodha alikuwa amesikia kila neno. Ukuta wangu ulikuwa wa mbao na tundu. Alikaa wima kwenye kigoda, viganja juu ya magoti.

"Nani atasoma hiyo ya kijivu?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Mwanakombo.

"Nje ya mwamba?"

"Nje ya mwamba. Wewe utakaa mbele, utawasimulia wageni uongo wako kuhusu papa. Mkono wa injini utakuwa wangu."

"Mashine itakuleta karibu tu. Umemsikia fundi."

"Nimemsikia. Na wewe unangoja nini kuniambia yaliyobaki?"

Nje, mwanamke mmoja alipita akinadi mihogo. Nahodha Mbwana akageuza uso upande wangu, akanitafuta mpaka akanipata.

"Mtaru."

"Naam, nahodha."

"Toka."

"Nitoke karakana yangu?"

"Toka. Na usisimame kwenye tundu."

Nilikuwa na chuma cha kulehemu kinawaka na redio ya mteja imefunguliwa tumbo. Nilichomoa chuma, nikachukua kikombe changu cha chai na kigoda changu. Mwanakombo alikuwa ameketi chini, mbele ya magoti ya babake, ameinua uso kama mtu anayengoja kutiwa dawa ya jicho, na mzee alikuwa amenyoosha mkono hewani, kidole kimoja, anachora mstari wa kwanza. Nilipovuka kizingiti binti aliinuka, akaja, akaniangalia kwa adabu, akaufunga mlango nyuma yangu.